Kiatu na Mtamba

Binamu yangu alinipigia simu Jumapili moja usiku, saa ambayo watu wa kwetu hupiga tu kama kuna msiba. Nikashika simu roho mkononi. Akasema, "Dada, ukiwa na nafasi nataka uniambie kitu. Nikiuza mtamba wangu ninunue kile kiatu, nitakuwa nimefanya ujinga?"

Hakuhitaji kutaja ni kiatu gani. Kwa yeyote anayekimbia kule juu, kati ya Iten na Kaptagat, "kile kiatu" ni kimoja tu, hata kama sasa kampuni nyingi zinakitengeneza: kinene kama mkate, chepesi kama hakina kitu ndani, na bamba la kaboni limefichwa katikati ya sponji. Yeye ana miaka 22, hana mkataba wala meneja, na nusu marathoni yake bora ni dakika 63 na sekunde kadhaa. Hapa Nairobi ukikimbia hivyo watu watataka kupiga picha na wewe. Kule ni kijana wa kawaida tu, wa kutumwa maziwa.

"Nipe wiki," nikamwambia. Mimi ndiye niliyesoma historia chuoni, na katika familia yetu hiyo inamaanisha unajua kila kitu isipokuwa kazi inayolipa. Wiki ile ikageuka kuwa mwezi na nusu.

Nilianzia Berlin, Septemba 2015. Kama una dakika tano, tafuta video ya mbio zile uangalie miguu ya Eliud Kipchoge. Soli za ndani zimetoka, zinapepea kando ya visigino vyake kama ndimi za mbwa aliyechoka, na jamaa anaendelea tu, uso haujakunjamana. Alishinda kwa saa 2:04:00. Nilirudia video ile mara nne. Kabla ya kuzungumza juu ya kiatu kinachomsaidia mtu, ni vizuri kukumbuka siku ambayo kiatu kilimkosea mtu na bado akashinda.

Mwaka uliofuata, Rio. Wanaume watatu waliopanda jukwaani baada ya marathoni ya Olimpiki, Kipchoge, Feyisa Lilesa wa Ethiopia na Galen Rupp wa Marekani, wote walikuwa wamevaa viatu vya majaribio vya Nike ambavyo duka lolote duniani halikuwa navyo. Sisi tuliokuwa mbele ya televisheni hatukujua. Hata wengi waliokuwa kwenye mstari hawakujua. Sheria ya wakati huo ilisema kiatu kisimpe mtu faida isiyo ya haki, bila kusema haki inapimwa kwa rula gani.

Halafu Monza, Mei 6, 2017. Uwanja wa magari ya mashindano nchini Italia, alfajiri, waweka kasi wanabadilishana mbele, na Kipchoge anamaliza kwa 2:00:25. Hiyo unaijua. Ambayo pengine hukuikumbuka ni kwamba miezi miwili baadaye kiatu kilifika madukani kwa jina la Vaporfly 4%, kwa dola 250. Kwa shilingi za mwaka ule ni kama 26,000. Jina lenyewe ni tathmini: asilimia nne. Nikataka kujua nani alipima, na alimpima nani.

Walipima wataalamu wa Chuo Kikuu cha Colorado, mjini Boulder. Wanaume 18 wanaoweza kukimbia kilomita 10 chini ya dakika 31 waliwekwa kwenye mashine ya kukimbilia, wakazibwa kwa kifaa cha kupima oksijeni wanayotumia, wakabadilishiwa viatu: kile kipya, kimoja cha kawaida cha Nike, na kimoja cha Adidas cha aina iliyokuwa ikishikilia rekodi ya dunia ya marathoni. Kwa kasi ile ile, ndani ya kile kipya walitumia nguvu pungufu kwa wastani wa asilimia 4. Nike ndiyo iliyogharamia kazi hiyo. Sisemi hivyo kwa umbea. Watu wasio wa Nike waliorudia vipimo baadaye walipata majibu ya kukaribiana. Nasema tu kwamba ukiuliza nani ana pesa za kujua kiatu kinafanya nini, jibu mara nyingi ni mwenye kiatu.

Na asilimia 4 ya nguvu si asilimia 4 ya muda. Kadiri unavyokimbia kwa kasi, upepo unakula sehemu ya ulichookoa. Hii niliizunguka mara tatu kabla haijaniingia.

Ukiacha mashine, unabaki na saa, na saa ni shahidi mbaya. Wacha nikupe mfano ninaoupenda. Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 bila viatu kabisa, kwa 2:15:16. Miaka minne baadaye akashinda tena Tokyo, safari hii amevaa viatu, kwa 2:12:11. Kuna mtu atakuambia basi viatu vilimpa dakika tatu. Lakini wiki chache kabla ya Tokyo Bikila alifanyiwa upasuaji wa kutolewa kidole tumbo. Kwa hesabu hiyo hiyo, kinachokupa dakika tatu ni kutolewa kidole tumbo. Barabara tofauti, hali ya hewa tofauti, mwili tofauti. Kila mara mtu anapotoa rekodi mbili za miaka miwili na kusema tofauti yake ni kiatu, mimi namkumbuka daktari wa Bikila.

Ndani ya kiatu chenyewe kuna nini? Hapa nilishangaa, kwa sababu nilikuwa nimeamini matangazo. Jina linalovuma ni kaboni, utadhani mtu amefungiwa springi. Lakini wale wa Colorado walipokibana kiatu kwa mashine, sponji yake ilirudisha kama asilimia 87 ya nguvu iliyobonyezwa. Ile ya Adidas ilirudisha kama 76, na kile kingine cha Nike kama 66. Baadaye watafiti wawili nchini Marekani walichukua Vaporfly, wakalikata bamba la kaboni mara sita ili lisiwe gumu tena, wakawakimbiza watu. Tofauti ilikuwa kama nusu asilimia. Hapo ndipo nikaelewa: sponji ndiyo ng'ombe, bamba ni kengele ya shingoni. Kengele ina kazi, sikatai. Sponji laini kiasi kile bila kitu kigumu ndani inaweza kuyumba. Lakini maziwa hayatoki kwenye kengele.

Na sponji inachoka. Hii ni muhimu kwa mtu wa mtumba, kwa hivyo nilienda Toi kuhakikisha. Nikapata jozi moja ya kijani, saizi 8, shilingi 4,500. Mwenye kibanda akaniambia, "Madam, hii ni original, ukivaa unaruka tu." Nikaibonyeza kwa kidole gumba. Ilikuwa na mikunjo ubavuni kama shingo ya mzee, na pale nilipobonyeza pakabaki pamebonyea. Bamba lilikuwa zima kabisa. Kengele bila ng'ombe.

Mambo yalipasuka Oktoba 2019, wikendi moja. Jumamosi tarehe 12 Kipchoge alikimbia Vienna kwa 1:59:40, waweka kasi 41 wakipokezana, miguuni ana kiatu kipya zaidi ambacho hakikuwa kinauzwa. Haikuwa rekodi rasmi na haikukusudiwa kuwa. Mimi nilikuwa kwenye kibanda cha chai mtaani na watu walilia, pamoja na mwenye kibanda ambaye siku zote husema mbio ni za watu wasio na gari. Kesho yake, Jumapili, Brigid Kosgei akashinda Chicago kwa 2:14:04. Rekodi ya Paula Radcliffe, 2:15:25, ilikuwa imekaa tangu Aprili 2003. Kosgei pia alivaa Vaporfly, toleo la mwaka ule.

Jinsi tulivyofurahi ndivyo dunia ilivyoanza kuuliza. Na nitakuwa mkweli, swali lile liliniuma. Miaka yote Wazungu walipotafuta siri ya ushindi wetu walitaja mwinuko, ugali, kwenda shule kwa mbio, mifupa ya miguu. Sasa mwanamke wa kwetu amevunja rekodi ya miaka 16, na sifa inapewa sponji. Lakini baadaye nilijikosoa. Kimetto alipokimbia 2:02:57 Berlin mwaka 2014, alikuwa na sponji ya Boost ya Adidas, iliyokuwa mpya kiasi wakati huo, na hatukutaka kuisikia. Tulipenda kiatu kikae kimya ili mtu wetu asikike.

Januari 2020 Shirikisho la Riadha Duniani likatoa sheria: soli isizidi milimita 40, bamba gumu liwe moja tu, na kiatu kiwe kimeuzwa sokoni angalau miezi minne kabla ya kutumika mashindanoni. Siku chache baadaye Nike ikatangaza Alphafly, ya kuuzwa, yenye unene wa milimita 39.5. Soma tena namba hizo mbili uamue mwenyewe.

Riadha ilishawahi kuwa kali zaidi. Mwaka 1957 Yuri Stepanov wa Umoja wa Kisovieti aliruka mita 2.16 akiwa na soli nene kwenye mguu wa kurukia, na sheria ya kuzuia soli kama ile ikafuata haraka. Safari hii kiatu hakikuzuiwa. Kilipimiwa nguo yake, kikaambiwa kibaki hivyo hivyo.

Baada ya hapo kila kampuni ikatoka na chake. Valencia, Desemba 2020, Kibiwott Kandie alishinda nusu marathoni kwa 57:32 akiwa na kiatu cha Adidas chenye fito za kaboni badala ya bamba. Nyuma yake wanaume wengine watatu siku ile ile walipita chini ya rekodi ya dunia iliyokuwepo asubuhi hiyo, 58:01 ya Geoffrey Kamworor. Binamu yangu anaijua mbio hiyo kwa kichwa. Alikuwa Form Four wakati ule, na anasema ndiyo siku aliyoamua.

Sasa kuna kipande cha historia ambacho sikukitafuta, kilinipata. Mwaka 2010 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Daniel Lieberman wa Harvard kuhusu jinsi watu wanaokimbia bila viatu wanavyokanyaga. Kati ya waliopimwa walikuwemo vijana wa Kikalenjin wa Bonde la Ufa. Wakati huo Marekani ilikuwa imeshikwa na homa ya kukimbia pekupeku, na raba nyembamba zenye vidole zikauzwa sana. Mwaka 2014 kampuni ya Vibram ilikubali kulipa dola milioni 3.75 kumaliza kesi ya wateja waliosema waliahidiwa faida za kiafya zisizothibitishwa. Ukiwa mtaani kwetu mwaka huo ungecheka: huku watoto wanalilia viatu, kule watu wazima wanalipia kuvivua.

Chini ya miaka kumi baadaye walirudi kwenye miguu ile ile, safari hii na viatu vinene. Utafiti uliochapishwa 2023, ambao mtafiti wake mkuu alikuwa wa Adidas, uliwapima Wakenya saba wa kiwango cha dunia na Wazungu saba wa kawaida. Wote walipewa viatu vitatu vya kisasa vya kulinganishwa na raba moja nyembamba ya mashindano. Kwa Wakenya, aliyenufaika zaidi aliokoa asilimia 11.4. Aliyeumia zaidi alipoteza asilimia 11.3.

Niliisoma sentensi hiyo nikaenda kujitengenezea chai. Wanaume saba wote wa kiwango kimoja, kiatu kinamwinua mmoja na kumrudisha nyuma mwingine, na kwa macho huwezi kujua nani ni nani. Wale 18 wa Colorado wote walipata kitu. Kwa hawa saba, wastani haukusaidii. Mwenye mkataba ataitwa maabara, atavishwa jozi tano, ataambiwa vaa hii. Binamu yangu ataambiwa na nani?

Nikampigia. Nikamweleza yote kwa mpangilio, nikajisikia mwalimu. Nikamaliza: usiuze mtamba, kwa sababu hujui kama wewe ni yule wa asilimia kumi na moja ya juu au ya chini.

Akanyamaza kidogo. "Dada, hukunielewa. Sikuuliza kama kinasaidia. Nauliza kama naweza kusimama pale kwenye mstari bila hicho, na wengine wote wanacho."

Mwezi mzima nilikuwa nimejibu swali la watu wa Colorado.

Kwa hivyo nilipanda matatu hadi Eldoret, na kutoka pale hadi Iten, nikiwa na saa mbili na daftari. Alikuwa ameazima jozi kwa mwanariadha wa kambi moja ambaye hupewa na kampuni yake. Ndivyo viatu vinavyoshuka kule: mwenye mkataba anatumia, anampa mshirika wake wa mazoezi, naye anampa mwingine, hadi sponji inakufa. Jozi hii ilikuwa na mbio mbili tu ndani yake, na ilikuwa kubwa kwake kwa saizi moja. Akavaa soksi mbili.

Tulichagua kilomita moja ya lami iliyonyooka. Marudio manane, ya kwanza kwa raba zake za kawaida, ya pili kwa kile kiatu, tukibadilisha hivyo hivyo, dakika tatu za kupumua katikati. Nilimkataza kuangalia saa na nikamwambia akimbie kama yuko kilomita ya kumi, sio kama anafukuzwa. Mama mmoja aliyekuwa anauza viazi kando ya barabara alituhesabia bila kuombwa, na mara moja alinisahihisha.

Matokeo: mara tatu kati ya nne, kile kiatu kilikuwa mbele kwa sekunde mbili hadi nne. Mara moja kilikuwa nyuma kwa sekunde moja, na hapo lori lilikuwa limempita likamrushia vumbi. Wastani ni kama sekunde mbili kwa kilomita. Najua vizuri kwamba hii si sayansi. Alijua amevaa nini, na kila alipofunga kamba za kile kiatu alisimama tofauti, kifua mbele. Kesho yake ndama za miguu zilimuuma mahali ambapo hazijawahi kumuuma. Niliandika hiyo pia.

Sekunde mbili mara 21 ni kama sekunde 42. Kwangu mimi ninayekimbia Karura Jumamosi halafu nakula mandazi mawili, sekunde 42 si kitu. Kwenye nusu marathoni moja pale Eldoret, wiki tatu baadaye, zilikuwa hivi: alimaliza kwa 62:38, muda wake bora maishani, na akawa wa 17. Zawadi ziliishia nambari kumi.

Nilikuwa nimesimama karibu na utepe na nilipiga picha za wote waliofika mbele yake. Usiku, gesti, nikazikuza moja moja niangalie miguu tu. Wote 16 walikuwa nacho. Rangi tofauti, kampuni tofauti, vingine vimeoshwa hadi vimefifia, kimoja kimeshonwa ubavuni kwa uzi mweusi wa viatu vya shule. Sekunde 42 alizopata binamu yangu zilikuwa ni za kumfikisha pale wengine walipoanzia. Hiyo si faida, hiyo ni nauli.

Na nauli inapanda. Septemba 2023 Tigst Assefa wa Ethiopia aliivunja rekodi ya Kosgei kwa zaidi ya dakika mbili pale Berlin, 2:11:53, akiwa na kiatu cha Adidas chenye uzito wa gramu 138. Mwanzoni zilitolewa jozi 521 tu, kila moja dola 500, zaidi ya shilingi 70,000 kwa wakati ule. Kampuni yenyewe ilisema kimetengenezwa kwa marathoni moja, pamoja na muda mfupi wa kukizoea. Kwa bei ya wapi sijui mtu anapata ng'ombe wa kutumia saa mbili.

Jioni ya mbio ile tulikula pamoja kwa shangazi. Viatu alikuwa ameshavirudisha, amevipangusa kwa kitambaa chenye maji, kwa sababu mwenyewe alikuwa anavihitaji Jumanne. Binamu alikuwa na furaha ya 62:38 na hakutaka niiharibu, na sikuiharibu. Aliniuliza tu kama nadhani mtu akipata 61 meneja anaweza kumpigia. Nikasema sijui. Akasema yeye pia hajui, ila wale waliopigiwa simu hakuna hata mmoja aliyekuwa na raba.

Jana amenitumia ujumbe. Mnunuzi wa ng'ombe amekuja, amemzunguka mtamba mara mbili, amefika bei. Anauliza kama najua mtu anayetoka Ulaya mwezi huu mwenye nafasi kwenye begi. Saizi 42, rangi yoyote.

Nimeshampata. Anatua Jumatano.